Maswali Yenu Kuhusu Bustani za Mimea ya Jangwani

Safu hii leo inajibu barua zilizouliza kuhusu bustani za mimea ya jangwani: namna ya kuzitembelea, sababu ya kuwapo kwake, na wajibu wa mgeni anayeingia humo. Baadhi ya barua zimefupishwa, na zile zilizouliza jambo moja zimeunganishwa.

SWALI: Ninajiandaa kutembelea bustani ya mimea ya jangwani kwa mara ya kwanza. Wenzangu wananiambia kwamba nitakuta miiba na mawe tu. Niende wakati gani, na nitazame nini ili safari yangu isiwe ya bure?

JIBU: Jambo la kwanza ni majira, kwa kuwa mimea ya jangwani huishi kwa kusubiri, na mgeni aliyefika nje ya msimu huona subira hiyo bila kuona matunda yake. Katika bustani ya Desert Botanical Garden iliyoko Phoenix, jimbo la Arizona nchini Marekani, ambayo ilifunguliwa mwaka 1939, maua ya porini huchanua kwa wingi mwezi Machi na Aprili, na dungusi kakati mkubwa kuliko wote wa huko, saguaro, hutoa maua yake Mei na Juni. Katika bustani ya taifa ya mimea ya jangwa la Karoo, iliyoanzishwa mwaka 1921 karibu na Matjiesfontein na kuhamishiwa Worcester, Afrika Kusini, mwaka 1945, mvua hunyesha wakati wa baridi na maua hutapakaa ardhini kuanzia Agosti hadi Oktoba. Kwa hiyo uliza kwanza kalenda ya maua ya bustani unayoiendea, kisha ndipo upange tarehe.

Ukishafika, ingia asubuhi na mapema. Joto ni sababu moja, lakini ua la saguaro ni sababu bora zaidi: hufunguka usiku na kufumba mchana wa siku inayofuata, na halifunguki tena. Anayefika alasiri hukuta ua limekwisha kazi yake.

Kuhusu cha kutazama, ushauri wangu ni kwamba usijaribu kuona kila kitu. Simama mbele ya dungusi mmoja, kwa umbali ambao miiba haikufikii, uangalie miiba hiyo inapotokea. Utaona kwamba haikuota ovyo, bali kila fungu la miiba limechipuka kwenye kijidoa kidogo chenye manyoya mafupi, kiitwacho arioli, na vijidoa hivyo vimejipanga kwa mistari iliyonyooka au inayozunguka shina. Arioli ndiyo alama ya ukoo wa dungusi. Mmea usio nayo si dungusi, hata ungefanana nao namna gani. Kisha nenda kwenye sehemu ya mimea ya Afrika, uitazame mimea ya jamii ya mnyaa ambayo nayo ina mashina manene, mbavu na miiba. Hapo hutaona arioli, na ndani ya shina hutiririka utomvu mweupe ambao ni sumu na unaweza kudhuru macho vibaya, kwa hiyo usiuguse. Koo mbili zisizo na undugu wa karibu zimefikia umbo moja kwa sababu ya shida moja. Dungusi wa asili hutoka mabara ya Amerika, isipokuwa aina moja tu, Rhipsalis baccifera, ambayo huota pia porini Afrika, Madagaska na Sri Lanka.

Kama bustani ina saguaro wakubwa, tafuta matundu kwenye shina. Ndege wa jamii ya kigogota huyachimba ili kutaga humo, na mmea hulifunika jeraha hilo kwa ganda gumu linalozuia maji yasipotee. Saguaro akifa na nyama yake ikaoza, ganda lile hubaki chini likiwa na umbo la chumba kamili cha ndege. Bustani nyingine huwaonyesha wageni ganda hilo, na mimi naliona kuwa funzo lililo wazi kuliko bango lolote.

Mambo ya tahadhari ni machache. Beba maji, vaa viatu vilivyofunika vidole, na ukae njiani. Aina za dungusi ziitwazo chola hukatika vipande kwa kuguswa kidogo tu na kipande hung'ang'ania nguo au ngozi. Kikikushika usikivute kwa mkono, bali ingiza kitana chini ya kipande hicho na ukirushe mbali na watu.

SWALI: Dungusi huwezaje kuishi miezi mingi bila mvua?

JIBU: Siri yake kubwa haionekani kwa macho. Mimea mingi hufungua stomata, yaani vitundu vidogo vya kupitishia hewa, wakati wa mchana, na kwa vitundu hivyo hupoteza maji. Dungusi hufungua vyake usiku, hewa inapokuwa na ubaridi, huvuta hewa ukaa na kuihifadhi katika hali ya asidi. Kukicha hufunga vitundu na kutumia akiba ile kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Mbavu za shina nazo hujikunja na kujikunjua kama mikunjo ya kodiani, hivyo shina hunenepa baada ya mvua na kusinyaa wakati wa ukame bila ngozi kupasuka. Gharama ya utaratibu huu ni kukua polepole mno. Saguaro hukua kiasi cha sentimita 2.5 hadi 4 tu katika miaka yake 8 ya kwanza, na mara nyingi huwa na miaka 50 hadi 70, na pengine zaidi, kabla ya kutoa mkono wake wa kwanza. Naomba msomaji aikumbuke miaka hiyo anaposoma majibu yanayofuata.

SWALI: Kama lengo ni kuhifadhi, kwa nini mimea isiachwe jangwani kwake? Kuihamishia bustanini si ndiko kuimaliza?

JIBU: Swali lako ni la haki. Mahali bora pa kuhifadhi mmea wowote ni pale ulipoota, pamoja na udongo wake, wadudu wake na wanyama wake. Bustani haishindani na jangwa. Ni akiba ya kukimbilia pale mambo yanapoharibika. Lakini akiba hiyo ina thamani kwa sharti moja, nalo ni kumbukumbu.

Utakapokuwa bustanini, inama usome kibao kilichochomekwa chini ya mmea. Wageni wengi husoma jina na kuondoka. Chini ya jina, au kwenye pembe, mara nyingi kuna nambari ndefu, ambayo katika bustani nyingi huanza na mwaka ambao mmea ulipokewa, ikifuatwa na nafasi yake katika orodha ya mwaka huo. Nambari hiyo humwongoza mtunzaji kwenye daftari au kompyuta ambako pameandikwa nani alikusanya mbegu, katika mlima au bonde gani, kwa mwinuko upi, kutoka mimea mama mingapi, na kwa kibali gani. Mmea wenye kumbukumbu hizo unaweza siku moja kusaidia kurudisha uzao wake mahali ulipotoweka. Mmea usio nazo, hata ukiwa mzuri na wenye afya, ni pambo. Ndiyo sababu watunzaji makini hulinda vibao vyao kwa bidii ileile wanayolinda miche, na ndiyo sababu mtoto anayeng'oa kibao kwa mchezo hufanya hasara ambayo mzazi wake hatambui.

Jambo la pili ni uzao. Mishubiri ya aina mbalimbali iliyopandwa jirani huchanganyikana kwa urahisi, kwa kuwa ndege na nyuki hupita kutoka ua hadi ua bila kuuliza jina. Mbegu itakayookotwa hapo huenda ikazaa chotara asiyekuwapo popote porini. Mtunzaji anayetaka mbegu safi hulifunika shada la maua kwa mfuko wa wavu kabla halijafunguka, kisha huchukua chavua kwa brashi ndogo kutoka mmea mwingine wa aina ileile, uliotoka mahali palepale, na kulichavusha ua kwa mkono. Ni kazi ya ubora wa juu inayofanywa na watu wasiojulikana, na ningependa wageni wanaoona mifuko ile ya wavu wasidhani kwamba ni uchafu uliosahaulika.

Jambo la tatu ni mbegu zenyewe. Mbegu za dungusi na za mimea mingi ya nchi kavu huvumilia kukaushwa na kugandishwa, na hiyo ni bahati kubwa kwa wahifadhi. Katika benki ya mbegu ya Millennium Seed Bank iliyoko Wakehurst, Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 2000 chini ya bustani za Kew, mbegu hukaushwa katika hewa yenye unyevu wa asilimia 15 kisha huwekwa katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri za Selsiasi. Mimea ya maeneo makavu ilipewa kipaumbele tangu mwanzo wa kazi hiyo. Chupa moja ndogo inaweza kubeba uzao wa bonde zima, mradi waliokusanya walichukua kidogo kutoka mimea mingi, badala ya kuchukua nyingi kutoka mmea mmoja uliokuwa karibu na barabara.

Hata hivyo nakubaliana nawe kwamba bustani haiwezi kuhifadhi kila kitu. Popo mwenye pua ndefu, Leptonycteris yerbabuenae, huhama kutoka Meksiko kwenda kusini mwa Arizona akifuata maua ya dungusi warefu na ya jamii ya mkonge, na huyachavusha anapokunywa asali yake. Aliwekwa katika orodha ya Marekani ya viumbe walio hatarini mwaka 1988 na akaondolewa mwaka 2018 baada ya idadi yake kuongezeka. Hakuna ukuta wala kibao kinachoweza kuuweka msafara wa popo ndani ya bustani. Popo huyo amepona kwa sababu watu wa nchi mbili walilinda mapango anayolala na mimea anayokula njiani mwake.

SWALI: Nikiona kipande cha dungusi kimeanguka chini, je, naweza kukichukua nikakipande nyumbani? Na je, kununua mimea hii kwa wauzaji wa mtandaoni kuna ubaya?

JIBU: Kipande kilichoanguka bustanini ni mali ya bustani, na mara nyingi huachwa palepale kwa makusudi ili kiote mizizi. Usikichukue bila ruhusa. Tena kumbuka maneno ya jibu lililotangulia: ukiondoka nacho mfukoni, umekitenga na kumbukumbu zake. Bustani nyingi huuza miche iliyooteshwa na watunzaji wake au huitisha siku maalumu za mauzo, na huko ndiko mahali salama pa kupata mmea wako wa kwanza.

Kuhusu ununuzi wa mtandaoni, hapa sina budi kusema kwa ukali kidogo. Tathmini ya Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, iliyotangazwa mwaka 2015 ilionyesha kwamba asilimia 31 ya aina za dungusi zilizochunguzwa zilikuwa hatarini kutoweka, na uchukuaji wa mimea porini kwa ajili ya wapenzi wa mapambo ulikuwa miongoni mwa sababu kuu. Mwaka 2020 polisi wa Italia walikamata zaidi ya dungusi 1,000 walioibwa katika jangwa la Atacama nchini Chile, na mwaka uliofuata zaidi ya 800 kati yao walirudishwa Chile. Nchini Afrika Kusini hali ni mbaya zaidi. Tangu mwaka 2019 zaidi ya mimea milioni moja yenye majani manono imenaswa mikononi mwa wasafirishaji haramu, mingi ikiwa ya jenasi ya Conophytum, ambayo ni vijimmea vidogo vinavyofanana na vijiwe na ambavyo baadhi ya aina zake huota kwenye kilima kimoja tu. Mwizi mmoja mwenye kisu na mfuko anaweza kuimaliza aina nzima kwa asubuhi moja. Mimea inayonaswa hupelekwa kwenye bustani na vitalu vya serikali, na watunzaji hujikuta wanalea maelfu ya mayatima ambao hakuna anayejua walichimbwa kilima kipi, kwa hiyo hawawezi kurudishwa kwao.

Biashara ya dungusi karibu wote kati ya nchi na nchi inasimamiwa na mkataba wa CITES, na mishubiri yote iko chini ya mkataba huo isipokuwa Aloe vera iliyozoeleka katika dawa na vipodozi. Maana yake ni kwamba mmea ukivuka mpaka bila hati, umesafirishwa kinyume cha sheria, hata kama muuzaji ni mtu mwenye maneno mazuri.

Unaweza pia kuutambua mmea uliochimbwa porini kwa macho yako. Mmea uliooteshwa kitaluni huwa na umbo lenye ulinganifu, ngozi safi na mizizi mingi myembamba iliyojaa udongo wa chungu. Uliochimbwa porini huwa na makovu ya jua na ya wanyama, gamba la kahawia kuanzia chini, upande mmoja uliokua tofauti na mwingine, na mizizi minene iliyokatwa. Muuzaji akikuonyesha mmea mkubwa wenye dalili hizo kwa bei ya chini, jiulize nani aliungoja ukue kwa miaka 40. Saguaro wameibwa kiasi kwamba katika hifadhi ya Saguaro National Park, huko huko Arizona, baadhi yao wamepandikizwa vidude vidogo vya kielektroniki ndani ya shina ili watambulike wakikamatwa.

SWALI: Mimea ya jangwani imezoea joto. Kwa nini basi tunaambiwa kwamba ongezeko la joto duniani linaitishia?

JIBU: Kwa sababu imezoea joto lenye mapumziko. Mwaka 2023 mji wa Phoenix ulipitia siku 31 mfululizo ambazo joto lilifika au kuvuka nyuzi 43 za Selsiasi, na usiku mwingi wa kipindi hicho joto halikushuka chini ya nyuzi 32. Saguaro walianza kupoteza mikono na wengine kuanguka, na watunzaji wa bustani niliyoitaja walieleza jambo hilo hadharani. Mrudie msomaji aliyeuliza juu ya mvua: mmea huu hupumua usiku. Usiku usipopoa, hupoteza maji katika saa ambazo angepaswa kujijenga, na akiendelea hivyo kwa wiki kadhaa hudhoofika hadi magonjwa na uzito wake mwenyewe vikamshinda. Mji nao huongeza mzigo, kwa kuwa lami na saruji huhifadhi joto la mchana na kulitoa gizani. Kwa saguaro aliyeanguka akiwa na miaka 100, mche unaopandwa leo utahitaji miaka 100 kufikia hapo, na hakuna bajeti wala ufundi wa kuifupisha.

Ndiyo maana ninaona kwamba kazi muhimu sasa ni kutafuta, miongoni mwa uzao mbalimbali wa aina moja, ile mimea inayostahimili kuliko wenzake na kukusanya mbegu zake. Hapo tena nambari ya kibao ndiyo inayosema mmea uliosimama imara ulitoka wapi.

SWALI: Kwa nini tusipande dungusi na nyasi za jangwani kila mahali penye ukame? Si tutakuwa tumehifadhi mimea na kuzuia mmomonyoko kwa pamoja?

JIBU: Tafadhali tusifanye hivyo. Mpungate, ambao ni aina ya dungusi, ulipelekwa Australia kutoka mabara ya Amerika, na kufikia miaka ya 1920 ulikuwa umefunika mamilioni ya hekta za malisho na mashamba. Ulidhibitiwa kwa kuleta nondo kutoka Argentina, Cactoblastis cactorum, aliyeachiliwa mwaka 1926 na ambaye viluwiluwi vyake hula mpungate kutoka ndani. Watu walishukuru mno hata wakajenga ukumbi wa kumkumbuka nondo huyo huko Boonarga, Queensland. Lakini nondo yuleyule alionekana Florida mwaka 1989, na sasa ni tishio kwa mipungate ya asili katika bara ambako mmea huo una haki ya kuwapo.

Mfano wa pili unatoka upande wetu wa dunia. Nyasi ya Cenchrus ciliaris, ambayo Afrika ni lishe nzuri ya mifugo na haina ubaya wowote, ilipelekwa Arizona kwa ajili ya ng'ombe. Huko imejaza nafasi tupu zilizokuwa kati ya saguaro na saguaro. Nafasi hizo ndizo zilizozuia moto usisambae, kwa hiyo jangwa ambalo halikuzoea kuungua sasa huungua, na saguaro hana kinga dhidi ya moto. Watu wa kujitolea huenda vilimani kuing'oa kwa mikono, shina baada ya shina. Panda mimea ya asili ya eneo lako, na dungusi wa kigeni abaki kwenye chungu.

SWALI: Ninaishi mbali na bustani yoyote ya aina hii na sina uwezo wa kuchangia fedha. Je, nina la kufanya?

JIBU: Unalo, na linaanzia kwenye simu yako. Wezi wa mimea husoma picha zinazowekwa mitandaoni na wapenda mimea wema, wakitafuta jina la kilima au alama ya mahali iliyofichwa ndani ya picha. Ukikutana na mmea adimu wa nchi kavu porini, piga picha bila kuukanyaga wala kusogeza mawe yaliyouzunguka, zima utambuzi wa mahali katika kamera yako kabla ya kuichapisha, na usionyeshe mlima au barabara inayotambulika nyuma yake. Ikiwa unatumia programu ya kurekodi viumbe kama iNaturalist, hakikisha mahali halisi pamefichwa kwa umma. Wanasayansi wanaohitaji taarifa hiyo wanaweza kukuomba moja kwa moja. Na ukiwa na mtoto karibu, mzuie asichonge jina lake kwenye jani la mkonge au mshubiri: jani hilo halifuti kovu, na mmea utalibeba kwa miaka yote litakayokuwa hai.